Mstari wa Zambarau

Daktari Wickramaratne alinichora pajini
kwa kalamu ya zambarau, mkono wake baridi,
mstari uliopinda kama ukingo wa sahani.
"Hapa ndipo zilipokuwa," akasema,
akarudi nyuma hatua moja, akafumba jicho
kama fundi anayepima mlango.
"Au karibu na hapa. Nywele za miaka kumi na saba
hatumrudishii mtu wa ishirini na tisa."

Nikatoka nje, Coventry, mvua ya Februari,
kofia nimeisahau kwenye kiti chake.
Kituoni mama mmoja akaniangalia, akaangalia basi,
akaniangalia tena.
Nikadhani ni uwaraza.
Kumbe ni wino.

Hesabu nilipewa kwenye karatasi:
mizizi elfu mbili na mia mbili,
paundi elfu nne na ushei,
arubuni mia tatu kabla ya Ijumaa, hairudi.
Nguo ya kuazima haisitiri, najua,
lakini hizi si za kuazima, ni zangu mwenyewe,
zitang'olewa kisogoni mojamoja zihamishiwe mbele,
na hata zikihamia, akasema, hazisahau kwao:
hazikatiki.
Tatizo ni majirani watakaozikuta.
Zile za katikati bado zinaondoka.
Kila asubuhi nazihesabu kwenye sinki,
kumi na moja, tisa, kumi na nne,
kama koma zilizopotelewa na sentensi.

"Ukipanda leo, na nyuma yake pakaendelea kupukutika,
utabaki na ua usio na nyumba."
Na kisogo ni ghala. Halijazwi mara ya pili.

Barabara ya Foleshill kuna kiwanda walichokibomoa
wakaacha ukuta wa mbele kwa heshima ya historia.
Madirisha yote yapo, matofali yamesuguliwa,
na ukichungulia ndani ni mbingu, njiwa,
toroli lililopinduka.
Napita pale kila jioni kwenda zamu ya usiku.
Siku hizo mbili nilipita nimeinamisha kichwa.

Kagisha, kinyozi wangu, hataki hadithi ndefu.
"Namba sifuri, paundi kumi na mbili, tumemaliza."
Akashika kioo nyuma yangu ili nione alivyochonga,
na mara ya kwanza maishani
nikatazama kisogo changu kwa tamaa.

Mwanakombo anasema yeye hajali.
Anasema haraka mno.

Nikampigia baba, Korogwe.
Nilizunguka kwanza: bei ya mchele, goti lake, yule paka.
Halafu nikauliza, "Zako ziliacha lini kukatika?"
Kimya. Nikasikia redio yake.
"Zilipoisha," akasema,
akacheka mpaka akakohoa, akamwita mama aje asikie.
Mama hakucheka. Akachukua simu.
"Usimsikilize. Huo upara si wa kwake, ni wa ujombani.
Kaka zangu wote watatu."
Alisema kwa fahari kidogo,
kama anayedai shamba.

Wino niliusugua kwa sabuni, kwa spiriti,
kwa dawa ya meno, ukakataa;
ukatoka Alhamisi, siku niliyousahau.
Ijumaa sikupeleka arubuni.
Nilinunua vidonge vya miezi mitatu
kwa mfamasia aliyekuwa na nywele hadi mabegani.
Mwaka mmoja, daktari alisema, na picha kila baada ya miezi mitatu,
tuone kama zitatulia.
Sijui kama nasubiri
au naogopa; kwa nje vinafanana.

Bafuni nikawasha taa zote, nikainama,
nikapiga picha ya kwanza, nikaipa jina: Februari.
Nilipoinua uso kwenye kioo
kidole changu kilikuwa pajini, palepale ulipopita mstari,
kama mtu anayeshikilia ukurasa
huku akiitikia mlango.